Biblia haisomeki? Angalia plagi kwanza

Mchana natengeneza redio na televisheni, Temeke. Alhamisi nafunga duka mapema, naenda kwenye kikundi cha kusoma Biblia cha usharika wetu, ambacho nimekishikilia mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi hizi mbili zinafanana kuliko unavyodhani. Dukani mteja anaingia na neno moja: "Fundi, imekufa." Kikundini anaingia na lake: "Shikamoo mzee, naomba uniombee, nimerudi nyuma, Neno silisomi kabisa." Wote wawili wameshaamua kwamba ubovu ni mkubwa. Mara nyingi wote wamekosea. Redio ilikuwa imeunguza fyuzi ya shilingi miatano, na yule ndugu alikuwa anajaribu kusoma Mambo ya Walawi saa tano usiku, amelala chali, simu ikiwa juu ya uso.

Haya hapa chini ni malalamiko yanayonirudia. Kila moja nimelianza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikateremka mpaka ile adimu. Fuata mpangilio huohuo. Usiifungue roho yako kwa bisibisi kabla hujaangalia kama plagi imechomekwa.

"Sina muda"

Hili ndilo kubwa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Sababu ya kwanza ni kwamba usomaji hauna mahali pake. Mtu anasema "nitasoma nikipata nafasi," na siku nzima nafasi inaelea tu kama puto. Jiulize: jana ulipiga mswaki saa ngapi? Dakika huijui, ila unajua ulipiga baada ya nini na kabla ya nini. Kusoma nako kunataka kuning'inizwa kwenye msumari wa namna hiyo, jambo ambalo unalifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu: maji ya chai yanachemka, umekaa kwenye kiti cha daladala, unamsubiri mtoto atoke tuisheni.

Kikundini tuna mama anayeuza samaki. Anatoka nyumbani saa tisa na nusu usiku kuuwahi mnada wa Feri. Miaka na miaka alijilaumu, maana mahubiri yote aliyoyasikia kuhusu kusoma Neno yalisema alfajiri, alfajiri, alfajiri. Marko 1:35, pale Bwana anapoamka mapema kwenda kuomba, aliijua kwa moyo na ilikuwa inamchoma. Tukakaa tukaipitia siku yake kama navyopitia waya, kipande kwa kipande. Tukakuta saa nne asubuhi: samaki wameisha, kijana anasugua ndoo, mama amekaa juu ya ndoo moja iliyopinduliwa anakunywa chai ya tangawizi. Robo saa nzima, kila siku, hana la kufanya. Basi msumari ukapigiliwa hapo. Ana Agano Jipya dogo analolifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya magamba mikononi. Injili ya Luka yote ameisoma juu ya ndoo ile. Ukiifungua Luka yake utajua ni yake, inanuka vibua.

Sababu ya pili ni kipimo. Watu wengi wakisema "kusoma Biblia" wanamaanisha nusu saa mezani, kalamu tatu za rangi na maombi marefu mwishoni. Kwa kipimo hicho hata mimi sina muda. Piga hesabu ya kweli: Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na ukiisoma yote kwa sauti bila haraka ni saa sabini na kitu. Maana yake sura ya kawaida ni kama dakika nne. Injili ya Marko, sura 16, unaimaliza kwa sauti ndani ya saa mbili, muda ambao wengi tunauacha kwenye foleni kati ya Mbagala na mjini kwa siku moja.

Tatu, simu. Fungua mipangilio ya simu yako, tafuta panapoonyesha muda wa matumizi, uangalie wiki iliyopita. Mimi nilikuta saa tatu na dakika kumi kwa siku, nyingi zikiwa za kuwatazama mafundi wa nchi nyingine wakifungua amplifaya. Sikulala vizuri usiku huo.

Ya nne ni adimu, lakini ipo: muda kweli hakuna. Mama wa mapacha wa miezi mitatu. Muuguzi aliyepangiwa zamu za usiku mfululizo. Binti anayemuuguza baba yake peke yake. Hawa usiwape mbinu, wape msaada. Baba wa hao mapacha, kama unasoma hapa, shika watoto dakika kumi. Au msomee mkeo kwa sauti anaponyonyesha. Kusomewa si daraja la pili. Mmisionari Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, na ilichukua muda mrefu sana baada yake mpaka mtu wa kawaida wa kwetu amiliki Biblia yake mkononi. Bibi yangu hakuwahi kumiliki. Alilijua Neno kwa sikio, na alipokuwa akisahihisha wasomaji kanisani hakuna aliyebisha.

*Simama hapa:* kama dakika za kusoma unazikata kwenye usingizi na sasa unalala chini ya saa tano, zirudishe. Kata kwingine. Na kama unaendesha chombo, usisome kabisa. Kijana wetu wa bodaboda aliipenda Biblia ya sauti mpaka akawa anaisikiliza barabarani, hedifoni masikio yote mawili. Tulimzuia. Sasa anaisikiliza kijiweni akisubiri abiria.

"Naanza Januari, naishia jangwani"

Hapa tatizo karibu kila mara ni mpangilio, wala si uvivu. Tuseme umeanza Mwanzo 1 tarehe mosi, sura tatu kwa siku. Mwanzo ina sura 50, inakwenda kama hadithi ya jioni, huwezi kuiacha. Kutoka nayo inaanza kwa kasi: Farao, mapigo, bahari. Halafu tarehe 25 Januari unafika Kutoka 25, na kuanzia hapo ni vipimo vya hema: dhiraa, vitanzi, mbao za mshita. Tarehe 30 unamaliza Kutoka, unakabidhiwa Walawi sura 27, na nyuma yake Hesabu sura 36. Na mzigo huo unaupokea mwezi uleule wa ada za shule na mshahara ulioliwa Desemba. Mtu anakwama, halafu anajiita mwasi.

Tiba nyepesi: usianze hivyo. Mtu mpya kikundini ninampa Marko, kisha Mwanzo, kisha Kutoka mpaka sura ya 20, kisha Matendo ya Mitume, na Zaburi moja anayoichanganya humo kila siku. Akimaliza hapo ameshapata miguu.

Sababu inayofuata ni deni. Mpango wa mwaka mmoja unataka sura tatu na robo hivi kila siku. Ukiugua wiki moja, unaamka na sura 23 mgongoni. Unajaribu kulipa Jumamosi, unasoma kumi bila kuelewa hata moja, Jumapili umechoka, Jumatatu unaacha. Dawa ya deni hili ni kulifuta. Fungua ya leo, usome ya leo. Hakuna mkaguzi.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee huko Scotland, mwaka 1842 aliwapangia washarika wake kalenda ya kusoma kama sura nne kwa siku: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Inatumika mpaka leo. Wasichojua wengi ni kwamba yeye mwenyewe aliorodhesha hatari zake: kusoma kwa mazoea, kujihesabia haki, kusoma ovyo ovyo, na kwa wengine kuwa nira nzito. Mtu akitengeneza mashine na kuibandikia onyo mwenyewe, mimi namwamini.

Kama tarehe zinakuumiza, panda gari ambalo haliweki madeni. Ndugu zetu Wakatoliki wana masomo ya kila siku kwenye kalenda: ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, ya siku za kazi kwa miaka miwili, na ukikosa Jumanne, Jumatano kuna jingine tayari. Wamoravian wana andiko la kila siku lililoanza kuchapwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731. Wasabato wana Kesha la Asubuhi. Nimeazima kwa wote na sijafukuzwa kanisani kwangu.

Na Walawi yenyewe? Usiikimbie maisha yote. Ingilia dirishani: sura ya 19 kwanza. Usivune pembe za shamba lako zote, waachie maskini. Mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Mizani iwe ya haki. Tulipoisoma, mwenzetu mwenye duka la mchele alinyamaza kikao kizima, na wiki iliyofuata nilimkuta anasawazisha mizani yake kwa jiwe la kilo lililohakikiwa. Ukishaiona sura ya 19, soma ya 16, Siku ya Upatanisho, halafu ndiyo urudi sura ya kwanza. Ila hapa usiende peke yako. Tafuta mchungaji au mwalimu aliyesomea, maana watu wanaopenda kuchomoa mstari mmoja wa Walawi na kuugeuza rungu ni wengi.

"Nasoma, nikifunga kitabu sikumbuki kitu"

Kipimo cha kwanza ni cha bure: soma kwa sauti. Macho yana tabia ya kuteleza, mdomo hauwezi kuruka neno. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alikuwa safarini, ndani ya gari lake, akisoma Isaya, na Filipo alimsikia kutoka chini. Maana yake alikuwa anatamka. Kwenye daladala hutasoma kwa sauti, bila shaka, lakini midomo ikitikisika bila sauti inatosha. Watadhani unahesabu chenji.

Kama bado, angalia kama unasoma vipande. Namba za sura na mistari hazikutoka kwa waandishi. Mgawanyo wa sura tunaotumia unatokana na Stephen Langton, karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na Robert Estienne, mchapishaji, mwaka 1551. Zinasaidia sana kutafuta mahali. Zinaharibu sana kusoma. Paulo aliandika barua, na barua husomwa kama barua. Wafilipi, sura nne, ni kama robo saa. Isome yote kwa mkupuo mmoja, hata mara tatu kwa wiki moja, kabla hujachagua mstari wa kubandika kwenye status.

Sababu ya tatu watu wanaona aibu kuitaja: Kiswahili chenyewe. Tafsiri ya Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, ni Kiswahili kitamu, lakini si cha sokoni. Tuna ndugu aliyekulia Bukavu, na Kiswahili chake cha nyumbani ni kingine kabisa. Alikaa kikundini miezi minne akiitikia tu kabla ya kusema kwamba "upatanisho" kwake lilikuwa sauti isiyo na picha. Tiba: weka kando ya Union ile Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi. Soma aya nzima humo upate picha, kisha urudi kwenye Union usikie muziki. Sishauri kuitupa Union. "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" inakaa mtu akiwa kwenye machela, nimeshuhudia.

Kama hata hapo haishiki, chukua daftari la shule, lile jembamba. Kila usomapo andika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe, na marufuku kunakili mstari. Tarehe, sura, sentensi, basi. Yule mama wa Feri alinionyesha lake. Luka 5 alikuwa ameandika: "Petro alikesha bure. Najua kukesha bure." Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, na mengi yameshanitoka.

"Nikishika Biblia tu, nalala"

Usimsingizie Shetani kabla ya kuangalia saa. Kijana Eutiko, Matendo 20, alisinzia dirishani wakati Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Mhubiri alikuwa Paulo mwenyewe, na usingizi ulishinda. Wewe na Biblia yako kitandani baada ya ugali mna nafasi gani? Hamisha saa. Kama haihamishiki, hamisha mwili: kaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, au simama karibu na taa.

Halafu macho. Hii naikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa watu wa miaka arobaini na kuendelea. Mzee mmoja wa kanisa alifunga na kuomba wiki nzima dhidi ya "roho ya usingizi." Alhamisi nikampa Biblia asome, nikamwangalia mikono. Alisogeza kitabu, akasogeza tena, mpaka mikono ikanyooka yote na bado anakunja uso. Nikamvua ndugu wa pembeni miwani yake ya kusomea, nikamvisha. Akatulia. Akasoma Zaburi ya 103 mpaka mwisho bila kupumzika, akakunja miwani na kusema, "Kumbe mikono ndiyo imekuwa mifupi." Macho yanayokaza kwa dakika kumi yanachoka, na uchovu wa macho una sura ileile ya usingizi. Nenda ukapimwe. Biblia ya maandishi makubwa nayo ipo, ni nzito ila ina huruma.

Inayofuata ni deni la usingizi. Unalala saa tano kwa siku, ukikaa kimya mwili unachukua chake, iwe ni Biblia au ni gazeti. Eliya alipolala chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakumpa somo. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Kalale, ndugu yangu. Utasoma kesho.

*Simama hapa, nenda hospitali:* jicho limepungua nuru ghafla, unaona kama pazia linashuka, jicho jekundu lenye maumivu makali, au duara za rangi kuzunguka taa. Hiyo si ya miwani ya barabarani, na usingoje Jumatatu. Vivyo hivyo kama unalala usiku kucha na unaamka umechoka huku wa nyumbani wanalalamika kwamba unakoroma na kukata pumzi, au una kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, au unahema kwa kupanda ngazi tatu. Kusinzia kwenye Biblia inaweza kuwa dalili ya kwanza ambayo mtu ameiona.

"Nafungua Biblia kwenye simu, najikuta WhatsApp"

Fupi. Pakua tafsiri unayoitaka ikae ndani ya simu, maana programu nyingi za Biblia zinaruhusu. Kisha zima data kabla ya kufungua, na usiiwashe mpaka umefunga. Ikishindikana siku tatu mfululizo, nunua ya karatasi. Tena nunua ile ya bei ndogo ambayo hutaogopa kuichora.

"Nasoma kila siku, lakini ni pakavu"

Hili linakuja kwa waliokaa muda mrefu, na sababu ya kwanza inatuhusu sisi viongozi: tunasoma kwa ajili ya wengine. Mwaka wangu wa saba na kikundi niligundua kwamba sijasoma hata aya moja bila kuitafutia swali la Alhamisi. Nilikuwa kama mpishi wa shughuli, ameonja kila sufuria na hajala. Tiba iliyonifaa ni kuwa na kitabu kimoja nisichokifundisha. Changu ni Maombolezo. Mwaka mzima sikukitaja mbele ya mtu, na kalamu sikushika.

Pili, kasi. Guigo wa pili, mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Wakartusi, karne ya 12, alieleza ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu tunakanyaga cha kwanza na kuruka chini. Kwenye jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki wapo wanaotumia hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Andiko likishasomwa, kila mtu anatamka neno au kifungu kilichomgusa bila kukieleza, kisha wote wananyamaza. Sisi Walutheri kunyamaza kunatupa shida kidogo, lazima mtu aanzishe pambio. Jaribu hata dakika moja.

Ya tatu ni ugomvi. Mathayo 5:23-24 unaijua. Kama kuna mtu ukimwona unabadili njia, na kila ukifungua Biblia sura yake inatangulia, utaratibu wa kusoma hautaitibu hiyo. Mfuate.

Na wakati mwingine ni pakavu tu, kama Septemba ilivyo kavu. Endelea na sentensi yako ya daftari.

Hapa naweka bisibisi chini

Dukani kwangu mikrowevu siifungui. Ndani ina kapasita inayoweza kukuua hata ikiwa imechomolewa ukutani, na sina vifaa vyake. Namrudishia mwenyewe, namwelekeza. Kikundini nako kuna kazi nisizozigusa.

Huzuni iliyopita wiki mbili, mtu hali, halali, hataki watu, na anaanza kusema afadhali asingekuwepo. Usimwongezee sura za kusoma. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mchungaji aambiwe wakati mko njiani.

Mtu aliyesoma mstari, au aliyesomewa mstari, akaacha ARV, dawa ya presha, ya kisukari au ya kifafa. Imani yake usiijadili kwanza. Arudi kliniki leo, mjadala utafuata akiwa na vidonge mfukoni.

Mwanamke anayepigwa na kusomewa mistari ya utii ili abaki. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Msindikize, usimwelekeze kwa kidole.

Na yule ambaye amenasa kwenye mstari mmoja. Tulikuwa na binti wa chuo aliyekuwa anasoma Marko 3:29, ile ya dhambi isiyosameheka, mara nyingi kwa siku, akaungama, akasoma tena, akaungama tena. Usiku alikuwa ananipigia saa nane kuniuliza kama wazo lililompitia linahesabika. Kwa miezi miwili nilimjibu kwa maandiko mengine, na kila jibu lilimpa nafuu ya saa moja kisha likazidisha swali. Nilikuwa nafungua mikrowevu. Mchungaji wetu ndiye aliyesema basi. Akampa neno moja la ondoleo la dhambi na kumkataza kuungama jambo lilelile tena, kisha mimi na mama yake tukampeleka kwa daktari wa afya ya akili, ambaye aliutambua ugonjwa huo kabla hatujamaliza kueleza. Yupo kwenye matibabu. Kwa ushauri wa daktari, Biblia aliiweka pembeni wiki kadhaa, na alipoanza tena alianza na Ruthu, sura moja kwa wiki, akisomewa na mama yake jikoni.